Pendekezo Namba Kumi na Moja

Barua ya majibu niliipiga chapa mimi mwenyewe. Ile ya mapendekezo pia ni mimi. Siku zote nilikuwa karani wa meneja, na siku ya kikao nilikuwa katibu wa kamati ya usalama, maana kwenye karakana nzima ya mbao hakuna mwingine aliyekuwa amefika sekondari. Kwa hiyo wafanyakazi walimwomba meneja kupitia kwangu, na meneja akawajibu kupitia kwangu. Naandika haya sasa wakati bado nakumbuka maneno yenyewe, kwa sababu nimeona watu wameanza kuyasimulia vingine.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu turudi Juba kutoka Uganda, tulikokimbilia wakati wa vita. Mimi na mjomba wangu, ndugu wa mama, tulipata kazi pale mwezi mmoja ule ule. Mimi nikawekwa kwenye taipureta, yeye akawekwa kwenye mkanda.

Lazima nieleze huu mkanda. Injini ya dizeli iko kwenye kibanda nyuma. Inazungusha chuma kirefu kinachopita chini ya paa, na kutoka kwenye hicho chuma mkanda wa ngozi, mpana kama kiganja, unashuka mpaka kwenye gurudumu la msumeno. Ukitaka msumeno usimame, unausukuma mkanda kwa gongo mpaka uanguke. Ukitaka uanze tena, unaurudisha kwa mikono, huku chuma cha juu bado kinazunguka. Kuzima injini hakuna mtu alikuwa anataka. Kuiwasha ni watu wanne kwenye hendeli, na siku nyingine inakataa mpaka jua limepanda. Basi mjomba alikuwa anaurudisha mkanda kwa mikono, mara sita, mara saba kwa siku.

Alikuwa anajua kazi hiyo. Kule Uganda alifanya miaka tisa kwenye kinu cha mbao. Lakini kule, alikuwa ananiambia, kulikuwa na mpini mrefu wa chuma. Unasimama mbali, unavuta mpini, mkanda unapanda wenyewe. Na mbele yake kizuizi cha waya.

"Hapa nashika nyoka kwa mkia," aliniambia. "Siku atageuka."

Kamati ilikuja kwa sababu ya mkaguzi. Alifika kutoka ofisi ya kazi, akatembea tembea, akasema karakana kama hii lazima iwe na kamati ya usalama. Kamati itoe mapendekezo kwa maandishi, na mwenye kazi ajibu kila pendekezo kwa maandishi, moja moja, na nakala iende kwake. Mimi nilifurahi sana. Niliona sasa tumekuwa nchi ya watu. Nilinunua sokoni Konyo Konyo daftari jipya kwa ajili ya hiyo kamati.

Mwenyekiti akawa mzee wa stoo. Huyu hakukimbia wakati wa vita. Alibaki Juba miaka yote, akiilinda ile karakana ikiwa imefungwa, na funguo zilikuwa kiunoni mwake. Pale kazini watu walikuwa wa aina mbili, na kila mtu alijua: waliobaki na waliorudi. Waliobaki walikuwa wanatuita watu wa matoke. Sisi tulikuwa tunawaambia wao wamezoea kukaa kimya. Ilikuwa utani, lakini utani wenye meno.

Siku ya kikao tulikaa kwenye magogo, watu kumi na mmoja na mimi katibu. Mzee wa stoo akasema, "Kabla ya mtu kufungua mdomo, tupange. Waliobaki wanasema kwanza. Wao ndiyo walichunga hii mahali. Halafu waliorudi wanafuata, kufuatana na walivyofika kazini. Kwes? Sawa?"

"Mzee, mimi iko na mvi kushinda nusu ya hawa," mjomba akasema.

"Mvi yako ilitokea Uganda. Hapa bado haijajiandikisha."

Watu wakacheka, hata mjomba. Na kwa kweli ndivyo tulivyokuwa tunafanya kwenye kila kitu, kwenye matanga, kwenye kugawa nyama ya Krismasi. Hakuna mtu aliona vibaya. Mjomba na mimi tulikuwa tumeajiriwa mwisho, na katibu hatoi neno lake, kwa hiyo mjomba akawa wa mwisho kabisa.

Mzee wa stoo akasema anataka buti za mpira, sababu stoo kuna nge. Wa pili akasema sabuni. Wa tatu ndoo za mchanga kwa ajili ya moto. Mama wa chai, ambaye naye alibaki, akasema moshi wa injini unaingia kwenye chai na watu wanamlaumu yeye. Ikaenda hivyo hivyo: choo, kofia, maji ya kunywa, mbwa wa jirani. Mimi nilikuwa naandika na mguu unatikisika. Jua lilikuwa linauma, nilitaka tumalize, nikapige chapa, meneja aone kazi ya mtu aliyesoma.

Mjomba aliposimama, wengine walikuwa wameshaanza kukung'uta suruali. Akasema mambo yake kwa kifupi. Anataka mpini na kizuizi. Atatengeneza mwenyewe. Vyuma viko stoo, amekwisha kuviona, viwili, na waya ule wa zamani wa banda la kuku. Anaomba tu ruhusa, na injini izimwe nusu siku.

"Namba kumi na moja," nikasema. "Kalas, tumemaliza?"

"Kalas," wakasema wote.

Nilipiga chapa vile vile walivyosema, kuanzia moja mpaka kumi na moja, na kando ya kila moja nikaandika nani amependekeza. Nilifundishwa shuleni kwamba kumbukumbu za kikao lazima ziwe za kweli. Sikubadilisha hata nukta.

Sasa meneja. Sitaki mtu afikirie alikuwa mtu mbaya. Yeye pia alirudi kutoka Uganda, alikula posho ile ile tuliyokula kambini, na alikuwa ananiuliza habari za mama yangu kila Jumatatu. Lakini alikuwa anapenda faili. Barua ikiwa mezani kwake alikuwa anainyoosha kwanza kwa upande wa mkono, kama mtu anapiga pasi.

Alichukua wiki mbili. Halafu akaniita, akasoma majibu kwa sauti, kwa Kiingereza cha ofisini, na mimi nikapiga. Buti za mpira: limekubaliwa. Sabuni: limekubaliwa. Ndoo za mchanga: limekubaliwa. Moshi: dirisha la jiko lihamishwe, limekubaliwa. Choo: limeahirishwa. Kofia: limeahirishwa. Alipofika namba tisa alitazama saa.

"Tisa, kumi, kumi na moja," akasema, "andika limezingatiwa."

"Zote tatu, bwana?"

"Zote tatu."

Tisa ilikuwa mbwa. Kumi ilikuwa kamba mpya ya bendera. Nikaandika limezingatiwa mara tatu. Vidole vyangu havikusimama. Nataka hili liandikwe wazi: vidole havikusimama.

Barua ikabandikwa ukutani na muhuri wake. Ilikuwa kama sikukuu. Watu hawakuwa wamezoea kuomba kitu na kujibiwa kwa karatasi. Wengine wasiojua kusoma walikuwa wanakuja kugusa muhuri tu. Buti zilikuja baada ya wiki, na mzee wa stoo akavaa zake kwenye joto lile la Machi, anatembea anapiga kelele kama bata kwenye matope, na mama wa chai anamwambia, "Ya mzee, sasa hata nge atakukimbia kwa harufu."

Mjomba alienda stoo kuchukua vyuma vyake. Nilikuwa nyuma yake.

"Barua imejibu," akasema.

"Imejibu yangu," mzee wa stoo akasema. "Yako inasema nini? Katib, msomee." Katib ni karani. Alikuwa ananiita hivyo akitaka kunikumbusha umri wangu.

"Limezingatiwa," nikasema.

"Limezingatiwa maana yake amekubali?"

"Maana yake… ameliona."

"Ameliona." Akageuka kwa mjomba. "Ndugu yangu, mimi nikikupa chuma cha serikali kwa sababu mtu ameliona, kesho mimi ndiyo nitaonwa. Lete waraka wa ruhusa. Mafi waraka, mafi chuma. Bila karatasi hutoki na kitu."

"Vyuma vimelala hapo tangu wakati gani?" mjomba akauliza.

"Tangu vita. Vimezoea."

Mimi sikuweza kuvumilia. Nilienda ofisini moja kwa moja, sikubisha hodi. Nikamwambia meneja kwamba namba kumi na moja haikuwa kitu cha kuzingatia, ilikuwa mkono wa mtu.

Akauliza, kwa upole kabisa, "Kama ni mkono wa mtu, kwa nini uliuweka chini ya mbwa?"

Nikaeleza mambo ya waliobaki na waliorudi. Alinisikiliza.

"Mtu akiniandikia mambo kumi na moja," akasema, "mimi najua la kwanza ndilo linamuuma. Ofisi zote zinasoma hivyo."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniambia. Ulikuwa umekaa hapo." Akaonyesha kiti changu kwa kidevu. "Nilipotamka, ulikuwa umekaa hapo unapiga."

Nikasema basi abadilishe sasa, karatasi moja tu. Akatikisa kichwa. Nakala imekwenda kwa mkaguzi. Akibadilisha itaonekana alijibu bila kusoma. Kamati itakutana tena baada ya miezi mitatu, niandike upya, safari hii niweke mkanda mbele.

"Miezi mitatu si mbali," akasema. "Tumekaa uhamishoni zaidi ya hapo."

Mvua ilifika kabla ya miezi hiyo. Ngozi ikilowa inateleza, na mtu anapaswa kuisogeza karibu zaidi, na mkono mzima. Ilikuwa asubuhi, chai ilikuwa bado haijagawiwa. Mimi nilikuwa ofisini. Nilisikia injini imebadilika sauti, kama inameza kitu, halafu watu wakalia wote pamoja.

Sitaandika yote. Mkanda ulishika mkono wa shati, shati likashika mkono, na ukampandisha juu mpaka kwenye chuma kabla mtu wa injini hajakata mafuta. Shati lilikuwa limeshonwa na mama yangu, kitambaa kigumu. Lingekuwa bovu lingechanika. Tulimpeleka hospitali kwenye lori la magogo, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na kitu pekee alichosema njia nzima ni, "Wamezima injini? Waangalie wasiizime kabisa, haitawaka."

Mkono haukukatwa. Madaktari waliunga mifupa. Lakini ulipotoka kwenye plasta vidole havikuweza kufunga. Ulikuwa mkono wa kulia.

Ajali lazima nayo ijibiwe kwa maandishi. Meneja alifungua faili ya kamati, akatoa mapendekezo yangu, akayanyoosha. Nilikuwa kwenye kiti changu. Akaanza kutamka, na nilipofika mstari wa nne nikaacha kupiga.

"Endelea," akasema.

Maneno yalikuwa haya. Kwamba mfanyakazi huyu ndiye mwenyewe aliyetoa pendekezo namba kumi na moja, kama kumbukumbu za kikao zinavyoonyesha kwa jina lake. Kwamba kwa hiyo aliijua hatari vizuri kuliko mtu yeyote, na alipaswa kujihadhari. Kwamba ajali ni ya uzembe wake. Na kwamba kwa kuwa sasa hawezi kazi ya mkanda, kazi yake imekwisha, kuanzia siku atakayotia sahihi kwamba ameipokea barua.

"Bwana, hayo ni maandishi yangu," nikasema. "Mimi niliandika jina lake ili ujue nani anasema."

"Na nimejua," akasema. Hakuwa anafurahi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unafikiri mkaguzi ataandika nini juu yangu? Kwamba nilionywa, nikasema limezingatiwa? Wataifunga hii mahali. Watu wote mtarudi Konyo Konyo kuuza nyanya. Piga."

Nikapiga. Mtu anayesoma hii anaweza kunidharau, na mimi pia nimejidharau. Lakini nyumbani kwetu mimi ndiye nilikuwa nimebaki na kazi.

Barua kama hiyo haipelekwi hivi hivi. Inakwenda na daftari la kupokelea, mtu anatia sahihi mbele ya jina lake, na hapo ndipo inahesabika imefika. Jioni nikatembea mpaka mtaa wa Hai Malakal na daftari kwapani. Mjomba alikuwa amekaa mbele ya tukul yake, nyumba ya msonge, anajaribu kumenya muhogo kwa mkono wa kushoto. Nikamsomea barua, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, yote, hata ule mstari wa uzembe.

"Kwa hiyo kosa langu ni kwamba nilisema," akasema.

"Ndivyo imeandikwa."

"Ningenyamaza?"

"Ungenyamaza wangesema hukusema."

Akacheka kwa pua. Akaukata muhogo, ukamponyoka, ukaanguka vumbini. "Nani amepiga chapa?"

"Mimi, mjomba."

Aliniangalia. Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi. Akasema tu, "Okota huo muhogo," na nilipookota akasema, "Sitii sahihi. Rudisha."

"Nikiandika umekataa, pia inahesabika umepokea. Ndiyo sheria yao."

"Basi usiandike."

Asubuhi meneja akauliza. Nikamwambia sikumkuta nyumbani. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika ofisi ile, na ulitoka bila shida. Akasema, rudi leo. Nikarudi, nikanywa chai na mjomba, nikamshikia muhogo amenye. Kesho yake nikasema amekwenda hospitali. Kesho yake amekwenda matangani. Mimi, ambaye sikuweza kungoja watu kumi na mmoja wamalize kusema, nilingoja hivyo wiki tatu. Na muda huo wote jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya wafanyakazi, kwa sababu barua ilikuwa haijafika. Lakini pia muda huo wote mtu mwingine alikuwa anaurudisha mkanda kwa mikono. Alikuwa kijana wa waliobaki, mpwa wa mzee wa stoo. Mzee mwenyewe alikuwa hawezi kumwangalia akifanya. Alikuwa anaingia stoo na kufunga mlango.

Siku moja meneja akachukua daftari mezani kwangu. "Leo naenda mwenyewe. Nionyeshe njia."

Mjomba alituona kutoka mbali. Akasimama, kwa maana mgeni ni mgeni, na akanyoosha mkono. Wa kulia. Sijui kama alifanya kwa makusudi, au kama ni mazoea tu ya mtu kusalimia. Meneja akaupokea. Nilimwona anangoja vidole vimshike, kama vidole vya mtu yeyote vinavyoshika, na havikumshika. Akabaki ameushika yeye peke yake, hajui auachie vipi.

"Malesh," akasema mwisho. "Malesh, pole, mzee."

"Karibu kiti," mjomba akasema.

Tulikunywa chai. Wakaulizana kambi gani, mwaka gani, nani alikufa. Wakagundua walipanga mstari mmoja wa posho, upande ule wa kisima. Halafu meneja akafungua daftari juu ya goti, akatoa kalamu. Kumbe bado alikuwa amekuja kwa hilo.

"Nitatia kwa mkono gani?" mjomba akauliza.

Meneja akanitazama. "Mtilie wewe."

"Mimi siwezi kutia sahihi ya mtu, bwana," nikasema.

Alikaa na kalamu. Kuku alipita chini ya kiti chake. Halafu akafunga daftari, akaaga, tukaondoka. Tulipofika barabarani akaniuliza, bila kunitazama, "Ule mpini. Kuutengeneza ni siku ngapi?"

"Nusu siku. Mjomba alishasema."

Akaongeza mwendo mpaka karakana.

Waraka wa ruhusa ulitoka Alhamisi. Mzee wa stoo alibeba vyuma mwenyewe begani, na mjomba aliitwa kuelekeza, akawa anaonyesha kwa mkono wa kushoto wapi pa kutoboa, wapi pa kukunja. Mpwa wa mzee alivuta mpini mara ya kwanza kutoka hatua nne mbali, mkanda ukapanda, na watu wakapiga vigelegele. Injini, baada ya kuzimwa, ilikataa kuwaka mpaka saa nane mchana. Hakuna mtu alilalamika.

Lakini barua ya mjomba haijafutwa. Meneja hajaitaja tena, wala hajaichana. Iko ndani ya daftari, imekunjwa mara mbili, na nafasi ya sahihi iko wazi. Mjomba anakuja kila asubuhi, anakaa karibu na mpini, anaulinda, na hakuna anayejua kama ni kazi au si kazi. Meneja akiniita na kusema "leta daftari," mpaka sasa zimekuwa barua za watu wengine. Natembea kutoka meza yangu mpaka yake, hatua sita, na kila mara naomba iwe ya mtu mwingine.